Barafu, Alama na Hesabu Iliyonitia Mashakani

Najua nimepotea kwa muda mrefu, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimerudi kijijini kulima. Sijaacha. Nilikuwa nimezama katika jambo ambalo mtu wa Nairobi hana sababu yoyote ya kulijua: historia ya mashindano ya kitaifa ya Marekani ya kuteleza kwenye barafu. Ndiyo, ule mchezo wa watu wanaovaa nguo za kumetameta na viatu vyenye chuma kikali chini, wanaruka, wanazunguka hewani kama pia, kisha wanaketi kungoja alama zao huku machozi yakiwalengalenga.

Kabla hujafunga ukurasa, ngoja nikueleze nilifikaje huko.

Rafiki yangu mmoja ambaye ni mwalimu aliniomba nimwandikie programu ndogo ya kujumlisha alama katika tamasha la nyimbo la shule kadhaa. Waamuzi walikuwa watano. Sasa, yeyote aliyewahi kuketi na waamuzi anajua shida yao. Mmoja ni mkarimu, kila kwaya anaipa 90 na zaidi. Mwingine mchoyo, kwake 60 ni zawadi. Ukijumlisha alama hivi hivi, yule anayeachanisha alama zake kwa mapana ndiye anayeamua mshindi peke yake, na wale wengine wanne wamekuja kunywa chai tu. Basi nikafanya ujanja. Alama za kila mwamuzi nikazigeuza kuwa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwaya iliyowekwa ya kwanza na waamuzi wengi, yaani watatu au zaidi, ndiyo mshindi. Isipokuwepo, programu inahesabu ni waamuzi wangapi wameiweka kila kwaya nafasi ya pili au juu zaidi, na kadhalika. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kwaya ya mwisho. Kabla haijaimba, skrini ilionyesha kwaya A iko juu na B inaifuata. Kwaya C ikaimba, ikamaliza ya tatu. Lakini kwenye skrini B ilikuwa imepanda juu ya A! Watoto wa A walikuwa wameshaanza kushangilia. Mwalimu wao akanijia, akaniuliza mbele ya watu nimekula pesa ngapi.

Usiku ule sikulala. Niliupitia msimbo wangu mstari kwa mstari nikimtafuta mdudu. Sikumpata, kwa sababu hakuwepo. Chukua karatasi ujionee mwenyewe. Waamuzi wawili waliweka A, B, C kwa mpangilio huo. Mmoja aliweka C, A, B. Wawili waliweka B, C, A. Kama C haipo, waamuzi watatu kati ya watano wanaipenda A kuliko B. A inashinda, kwisha maneno. C ikiingia, A ina nafasi za kwanza mbili, B mbili, C moja, kwa hiyo hakuna aliyefikisha tatu. Tunashuka: nafasi ya pili au juu zaidi, A ina tatu, C ina tatu, B ina nne. B bingwa. Hakuna mwamuzi hata mmoja aliyebadili mawazo yake kuhusu A na B.

Katika kutafuta majibu mtandaoni ndipo nikakuta kwamba mfumo niliodhani nimeubuni mimi, wenzetu wa barafu walikuwa wameutumia kwa miongo mingi, na uliwaliza kama ulivyoniliza. Katika mashindano ya dunia ya 1995 kule Birmingham, Uingereza, bingwa wa Marekani wa mwaka huo, Nicole Bobek, alikuwa wa pili na Mfaransa Surya Bonaly wa tatu. Akaingia msichana wa miaka 14 aitwaye Michelle Kwan, akateleza, akawa wa nne. Bobek na Bonaly wakabadilishana medali! Wanahisabati hawakushangaa. Kenneth Arrow alikuwa ameshathibitisha mwaka 1951 kwamba huwezi kuunganisha mapendeleo ya watu wengi kuwa orodha moja bila kukubali kasoro mojawapo ya namna hii. Mimi nilishangaa, na tangu hapo nikawa mateka wa mchezo huu.

Haya basi, tuanze mwanzo. Mashindano ya kwanza yanayohesabiwa kuwa ya kitaifa yalifanyika mwaka 1914 New Haven, jimbo la Connecticut. Bingwa wa wanaume alikuwa Norman Scott, ambaye kwa kweli alikuwa Mkanada wa Montreal (mipaka ilikuwa legelege siku hizo), na kwa wanawake alishinda Theresa Weld wa Boston. Kisha pakawa na kimya hadi 1918, na 1919 pia ni pengo. Chama kinachosimamia mchezo huo hadi leo kilianzishwa 1921. Theresa Weld ndiye ningependa kukutana naye. Alitwaa taji la wanawake mara sita, na mara tisa akashinda pamoja na Nathaniel Niles katika kuteleza wawili wawili. Kwenye Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 alipata medali ya shaba, na waamuzi walimkaripia kwa kuruka, eti mwanamke haruki, sketi yake itapanda. Mwaka 1923 akaanzisha jarida la mchezo huo na kulihariri kwa miaka mingi. Mchezaji, mwandishi na mtunza kumbukumbu kwa pamoja. Data nyingi ninayochezea leo isingekuwepo bila watu wa aina yake.

Ila msidhani walikuwa wanaruka ruka tu kama tunavyoona kwenye runinga. Sehemu kubwa ya mashindano ilikuwa kuchora. Mchezaji alichora nambari nane kwenye barafu kwa chuma cha kiatu chake, mguu mmoja, kisha akapita juu ya mchoro uleule tena na tena, na waamuzi waliinama kukagua kama mistari imelingana. Ukiandika programu utaelewa: ni kama kulinganisha faili mbili kutafuta tofauti, isipokuwa faili ni barafu na tofauti ni upana wa unywele. Kwa miaka mingi michoro hiyo ilibeba asilimia 60 ya alama. Janet Lynn, bingwa wa Marekani mara tano mfululizo kuanzia 1969, aliteleza kama maji yanayotiririka lakini michoro ilimshinda. Kwenye Olimpiki ya 1972 dhahabu ilikwenda kwa Trixi Schuba wa Austria, malkia wa michoro, na Lynn akaondoka na shaba. Watazamaji nyumbani, ambao hawakuwahi kuonyeshwa michoro, hawakuelewa kitu. Mwaka 1973 ikaongezwa sehemu fupi ya miruko na uzito wa michoro ukapunguzwa, na baada ya 1990 ikaondolewa kabisa katika mashindano ya kimataifa. Wamarekani waliendelea kuishindania peke yake hadi 1999.

Sasa nifike mahali ambapo mimi kama Mwafrika sikuweza kupita haraka. Orodha ya mabingwa ina majina mengi, lakini kuna majina ambayo hayakupewa nafasi ya kuingia. Mabel Fairbanks alizaliwa Florida mwaka 1915, akakulia katika umaskini, akafika New York. Alinunua viatu vilivyotumika, vikubwa kuliko miguu yake, akavijaza pamba. Uwanja wa barafu ukamkatalia mlangoni kwa sababu ni mweusi. Akarudi. Wakamkatalia tena. Akarudi tena na tena hadi meneja akachoka akamwacha aingie. Maribel Vinson, bingwa wa Marekani mara tisa, alikuwa akimpa mafunzo mawili matatu. Lakini kuingia uwanjani si kuingia mashindanoni. Ili kushindana ulihitaji kuwa mwanachama wa klabu, na klabu hazikumtaka. Hakuandikiwa alama mbovu. Hakuandikiwa alama yoyote. Katika hifadhidata hiyo ni tofauti kubwa, maana sifuri ni habari lakini mstari usiokuwepo hauonekani na yeyote anayetafuta.

Fairbanks hakukaa kulia. Alifanya maonyesho, akahamia Los Angeles, akawa kocha. Mwanafunzi wake Atoy Wilson alishinda taji la kitaifa la wanaume chipukizi mwaka 1966, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata taji lolote katika mashindano hayo. Ni yeye pia aliyewaunganisha Tai Babilonia na Randy Gardner wakiwa watoto, na wawili hao wakawa mabingwa wa taifa mara tano, 1976 hadi 1980, na mabingwa wa dunia 1979. Mwaka 1986 Debi Thomas, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji kuu la wanawake la Marekani, na mwaka huohuo la dunia. Fairbanks aliyaona yote haya kwa macho yake. Mwaka 1997 walimwingiza katika jumba la heshima la mchezo huo, akiwa na zaidi ya miaka 80. Alifariki 2001.

Nimemtaja Maribel Vinson, na hapo pana kovu.

Januari 1961 mashindano yalifanyika Colorado Springs. Maribel, ambaye sasa aliitwa Vinson Owen na alikuwa kocha, aliwaleta binti zake wawili. Laurence, mwenye miaka 16, akashinda taji la wanawake. Dada yake, Maribel mdogo, akashinda pamoja na Dudley Richards. Bradley Lord akawa bingwa wa wanaume, Diane Sherbloom na Larry Pierce wakashinda upande wa dansi. Picha ya Laurence ilitoka kwenye jalada la Sports Illustrated la tarehe 13 Februari. Siku mbili baadaye, tarehe 15, ndege ya shirika la Sabena iliyokuwa ikiwapeleka kwenye mashindano ya dunia kule Prague ilianguka ikijaribu kutua Brussels. Watu wote 72 waliokuwemo walikufa, na mkulima mmoja aliyekuwa shambani. Wachezaji wa timu ya Marekani walikuwa 18, pamoja na makocha, maafisa na jamaa zao. Mabingwa wote wa nchi, wa aina zote nne, katika ndege moja. Mashindano ya Prague yakafutwa.

Sisi waandishi wa programu tuna mzaha mbaya ambao tunapenda kuulizana kazini: je, fulani akigongwa na matatu kesho, nani mwingine anaujua mfumo huu? Tunacheka, kisha tunaenda kula. Mwaka 1961 swali hilo liliulizwa bila kicheko. Wachezaji unaweza kuwatafuta wapya. Waliokufa na ujuzi wa miaka thelathini kichwani ni makocha. Barbara Roles, aliyekuwa ameshastaafu, alirudi akashinda taji la 1962. Makocha wakaja kutoka ng'ambo, Carlo Fassi kutoka Italia na John Nicks kutoka Uingereza. Ukafunguliwa mfuko wa kumbukumbu wa kusaidia vijana wasio na pesa ya mafunzo. Msichana mmoja aliyepoteza kocha wake katika ajali ile, Peggy Fleming, alishinda taji la taifa mara tano kuanzia 1964, akafundishwa baadaye na huyo Fassi, na mwaka 1968 akaleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Grenoble.

Hadithi ya 1994 sina haja ya kuirefusha, filamu imeshafanya kazi hiyo. Tarehe 6 Januari, Detroit, mtu alimpiga Nancy Kerrigan kwa rungu mguuni. Tonya Harding akashinda taji, na Juni ya mwaka huo akanyang'anywa. Wa pili hakupandishwa, taji likaachwa wazi. (Nilipokuwa nikipakia orodha ya mabingwa kwenye tarakilishi yangu, programu ilianguka hapohapo kwenye mwaka 1994. Nilikuwa nimedhani kila mashindano lazima yawe na mshindi.)

Turudi kwenye alama, maana ndiko roho yangu iliko. Mfumo wa zamani ulikuwa na kikomo cha 6.0. Kila mwamuzi alitoa alama ya ufundi na alama ya sanaa, kisha alama zikageuzwa nafasi kama nilivyofanya na kwaya zangu. Yaani 5.8 haikuwa na maana yoyote peke yake, maana yake ilikuwa "huyu ni juu ya yule wa 5.7". Ndiyo maana waamuzi waliogopa kutoa alama kubwa mapema, wakiacha nafasi kwa wanaokuja nyuma. Lakini 6.0 ilikuwa na uzuri wake, kila mtu aliielewa. Mwaka 1998 mjini Philadelphia, Michelle Kwan, yule msichana wa Birmingham, alipewa 6.0 ya sanaa na waamuzi wanane kati ya tisa katika sehemu ndefu. Hakuhitajika mtaalamu wa takwimu kueleza kilichotokea. Mwaka 2005 huko Portland alitwaa taji la tisa, akimfikia Maribel Vinson. Hayo yalikuwa mashindano ya mwisho ya kitaifa kwa mfumo wa 6.0.

Kilichouua mfumo huo hakikutokea Marekani kwa Wamarekani, bali Olimpiki ya Salt Lake City, 2002. Katika shindano la wawili wawili, Warusi walishinda Wakanada kwa kura tano dhidi ya nne, kisha mwamuzi wa Ufaransa akasema alishinikizwa kuwapigia Warusi. Baadaye akayakana maneno yake. Wakanada wakapewa dhahabu ya pili, na yeye akafungiwa miaka mitatu. Mwaka 2004 chama cha kimataifa kikapitisha mfumo mpya kabisa, na mashindano ya kitaifa ya Marekani yakautumia kwa mara ya kwanza St. Louis mwaka 2006.

Mfumo mpya ungeweza kuandikwa na mtu kama sisi. Mtaalamu anatazama kila kitendo, akiwa na video ya marudio, anakitambua na kukiingiza kwenye mfumo. Kila kitendo kina thamani yake katika jedwali: katika msimu wa 2022-23, Axel ya mizunguko mitatu na nusu ilikuwa 8.00, ya minne na nusu 12.50. Waamuzi wanatoa daraja la ubora, ambalo tangu 2018 ni kutoka -5 hadi +5. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zilizobaki zinachukuliwa wastani. Mwisho kila mchezaji anapata jumla yake, na jumla hiyo haibadilishwi na anayefuata. A haiwezi kushuka chini ya B kwa sababu C imeimba!

Je, umeleta haki? Kwa sehemu. Tatizo la nafasi kugeuka limekwisha. Lakini ukiweka bei juu ya kila kitu, watu wananunua kile chenye faida. Nathan Chen alielewa bei hizo kuliko wote. Mwaka 2017 huko Kansas City aliruka miruko mitano ya mizunguko minne katika sehemu moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya mashindanoni, akapata jumla ya 318.47. Alishinda mataji sita mfululizo hadi 2022, pamoja na dhahabu ya Olimpiki, kisha mwaka 2024 akahitimu shahada ya takwimu na sayansi ya data katika chuo kikuu cha Yale. Yale iko wapi? New Haven. Walipoanzia mwaka 1914. Sikuyapanga mimi haya.

Nilizirudia alama za lile tamasha kwa njia mpya, nikitupa ya juu na ya chini na kuchukua wastani. C ilishinda. Nilimtumia yule mwalimu wa kwaya A jedwali lote, mifumo miwili kando kwa kando, pamoja na maelezo ya Birmingham. Alinijibu baada ya wiki moja kwamba ameelewa, na kwamba hata hivyo A waliimba vizuri zaidi.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mwaka 2025 mashindano yalifanyika Wichita, jimbo la Kansas, mwishoni mwa Januari, na baada yake vijana wenye vipaji wakabaki kwa kambi ya mafunzo. Tarehe 29 Januari ndege iliyotoka Wichita iligongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa ndege wa Washington. Walikufa watu 67, na 28 kati yao walikuwa watu wa mchezo huu: watoto wachezaji, wazazi wao, makocha. Sita walikuwa wa klabu ya Boston, klabu ya Theresa Weld, ambayo 1961 pia ilizika watu wake wengi. Miongoni mwao walikuwa makocha Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa 1994. Mtoto wao, Maxim, alikuwa ameshika nafasi ya nne Wichita siku chache tu kabla.

Januari 2026 mashindano yalirudi St. Louis. Maxim Naumov alimaliza wa tatu na kuchaguliwa kwenda Olimpiki. Alipoketi kungoja alama alikuwa ameshika picha ndogo, yeye akiwa mtoto, amesimama na baba na mama yake kwenye barafu.